UZI: Spika za sebuleni kwa bajeti ya shilingi milioni moja ya Tanzania. Sikiliza sauti ya mtu kwanza, mdundo baadaye

Mzee wa Ridhimu

Wakuu, salaam.

Kuna swali naulizwa sana, mtaani na kazini: "Nina kama milioni moja, nataka muziki mzuri sebuleni, ninunue sabufa gani?" Nimeona nilifungulie uzi, kwa sababu jibu lake haliwezi kutosha kwenye meseji, na kwa sababu anayeuliza hivyo ameshachagua kitu kabla hajasikiliza chochote.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa pesa ya wastani, cha kupima kwanza ni sauti ya mwimbaji. Mdundo unadanganya. Spika mbovu kabisa inaweza kutikisa vioo vya kabati, lakini haiwezi kumfanya mwimbaji asikike kama mtu aliyesimama mbele yako. Ukipata spika inayotoa sauti ya binadamu ilivyo, gita, kinanda na tarumbeta vitafuata vyenyewe.

Tuangalie seti nyingi za sabufa zinavyotengenezwa. Boksi kubwa la katikati lina wufa (spika ya sauti za chini) ya inchi sita au nane, na pembeni kuna vispika viwili au vinne vya inchi tatu. Vispika vile havina nguvu ya maana chini ya hezi 150 au 200 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa chache sauti ni nzito), kwa hiyo boksi la katikati linalazimishwa kupanda juu ili kuziba pengo. Mwanamume akiimba, sauti yake inaanzia kwenye hezi 100 hivi, yaani palepale penye kiraka. Kifua chake kinatoka kwenye boksi lililokaa sakafuni chini ya TV, maneno yake yanatoka kwenye vispika vilivyotundikwa ukutani. Ukisikia mwimbaji ana sauti iliyovimba lakini maneno hayashikiki, sababu mara nyingi ni hiyo, na hakuna kitufe cha kuirekebisha.

La pili ni wati. Naomba sana, neno PMPO, ile namba ya kilele inayoandikwa kuuzia boksi, tuachane nalo. Soketi ya ukutani yenye plagi ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, mwisho wake ni wati 3,000 hivi. Halafu unakuta boksi limeandikwa wati 8,000. Zinatoka wapi? Ligeuze usome kibandiko cha umeme kilicho nyuma, utakuta linakula wati 40 au 60. Hiyo ndiyo namba ya kuamini, maana amplifaya haiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia. Ukiwa dukani tafuta RMS, yaani nguvu ya kweli ya mfululizo, na kama haijaandikwa popote, angalia kibandiko.

Kuna namba nyingine muhimu ambayo wauzaji wengi hawaisemi kabisa: dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwa wati moja, ukisimama mita moja. Spika nyingi nzuri za nyumbani ziko kati ya 84 na 90. Kila ukipungukiwa dB 3, unahitaji amplifaya yenye nguvu maradufu ili ufike palepale. Maana yake spika ya 90 inahitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na spika ya 84. Kwa spika ya 87, wati 20 za kweli zinakufikisha dB 100 ukiwa mita moja, na hapo sebuleni huwezi kuongea na mtu. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo achague spika yenye namba hiyo kubwa kidogo, halafu anunue amplifaya ya bei nafuu kwa amani.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue nini, nakwambia jozi ya spika mbili, kulia na kushoto, kila moja na wufa ya inchi 5 hadi 6 na nusu na twita yake (kispika cha sauti za juu), ndani ya boksi zito la mbao. Hakuna vispika vya ukutani wala vya nyuma. Pesa inayogawanywa kwa spika tano inazaa spika tano dhaifu.

Majina ninayoyaamini katika daraja hili: Sony SS-CS5, ambayo ina wufa ya sentimita 13 na twita mbili, dB 87. JBL Stage A130, inchi tano na robo, dB 86. Wharfedale Diamond, familia iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na bado inaendelea. Q Acoustics 3020i. ELAC Debut 2.0 B6.2, iliyobuniwa na Andrew Jones, hii ina wufa ya inchi sita na nusu na inashuka chini vizuri kuliko wenzake hapo juu. Kuna toleo jipya kila baada ya miaka michache, na toleo lililopita ndilo linalopungua bei, kwa hiyo usione aibu kulitafuta.

Na asiwepo wa kusema kwamba sauti nzuri ni ladha ya mtu basi. Floyd Toole, akiwa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, aliwaweka watu wasikilize spika zikiwa nyuma ya pazia bila kujua wanasikia ipi. Wengi wao walielekea kuchagua zilezile: zenye sauti iliyosawazika kutoka chini hadi juu, na zisizobadilika sana msikilizaji anapokaa pembeni. Bei na jina vikifichwa, masikio yetu yanakubaliana kuliko tunavyodhani.

Karibuni.

Mama Nasri

Ahsante sana mkuu kwa uzi huu, umekuja wakati wake. Mimi nina laki tisa, ikibidi nitafika milioni na laki moja. Nyumba ya kupanga, Sinza, sebule ni kama futi 12 kwa 14. Tunasikiliza kwaya Jumapili, dansi la zamani la baba Nasri, na TV jioni. Simu zetu zote tunatumia bluetooth. Nasri ana miaka miwili na anagusa kila kitu. Nisaidieni, ninunue zenye amplifaya ndani au nitafute amplifaya pembeni? Duka moja wameniambia bila amplifaya ya wati 500 spika hazitalia.

Mzee wa Ridhimu

Dada yangu, habari ya wati 500 iache hukohuko dukani. Sebule ya futi 12 kwa 14 inajazwa na wati 20 hadi 50 za kweli kwa kila upande, na kwaya yako isikike mpaka kwa jirani.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni spika zenye amplifaya ndani. Mfano Edifier R1280DB: wati 42 za RMS kwa jumla, wufa za inchi 4, bluetooth imo, na tundu la waya wa optiko (unaopitisha sauti kwa mwanga) kutoka kwenye TV limo. Angalia herufi vizuri, kwa sababu R1280T inafanana nayo kabisa kwa sura lakini haina bluetooth. Unachomeka kwenye soketi, umemaliza. Inchi 4 haitakupa besi ya kuhisi kifuani, ila sauti za kwaya zinatoka zikiwa zimepambanuka, huyu wa kwanza na yule wa tatu unawasikia kila mmoja mahali pake.

Njia ya pili ni spika zisizo na amplifaya, halafu amplifaya ndogo pembeni. Siku hizi kuna amplifaya za daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) za kukaa kiganjani zenye chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, nyingi zina bluetooth ndani. Wauzaji huziandika 100 + 100. Chipu hiyo ikipewa volti 24 itakupa kama wati 30 safi kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na zaidi kidogo kwa omu 6 au 4. Ukizifunga kwenye spika ya dB 87 au 88, zinatosha sana kwa chumba chako. Angalia adapta iliyokuja nayo: zidisha volti kwa ampea, utajua jumla ya nguvu. Volti 24 mara ampea 4.5 ni wati 108 kwa pande zote mbili, basi.

Kwako wewe ningechagua ya pili, na sababu ni umeme wetu. Umeme ukiruka, kinachoungua ni amplifaya. Ikiwa iko pembeni, unabadilisha kidude kidogo na spika zako zimebaki salama. Ikiwa iko ndani ya boksi, unabeba spika nzima kwenda kwa fundi, na bodi yake usipoipata, jozi yote imekwisha. Kwa vyovyote vile, weka kilinda umeme kama kile cha friji.

Kuhusu Nasri: usinunue spika zisizo na nyavu za mbele. Kidole cha mtoto huishia kwenye kile kikuba cha twita, kikibonyea kurudi kwake ni shida. Nyavu zisitoke mpaka akue.

Fundi Mawimbi

Heshima kwenu wakuu. Mimi natengeneza redio na spika, kwa hiyo naongelea mtumba, kwa sababu laki tano kwenye mtumba mzuri inaweza kukupa spika ambayo mpya ingekula milioni mbili. Ila mtumba unataka macho.

Toa nyavu, tazama ule mkanda unaozunguka koni ya wufa. Kama ni wa povu, uguse taratibu kwa kidole. Ukibaki na unga mweusi mkononi, au ukiona mpasuko, povu limeoza. Spika nyingi za miaka ya 1970 hadi 1990 zilitumia povu, na joto na unyevu wa pwani huliua mapema. Si mwisho wa dunia, mkanda unabadilishwa, lakini ukate bei. Mkanda wa mpira unadumu zaidi, na ule wa kitambaa unaweza kukuzika.

Kisha sukuma koni ndani kwa vidole vya mikono miwili, pande mbili kwa pamoja, polepole. Inatakiwa iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa sumaku. Spika hiyo ilipigwa kupita kiasi au ilianguka, iache.

Nenda na multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi, usione haya. Spika ya omu 8 itasoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Ikisoma patupu, waya umekatika ndani. Zisome zote mbili, zikitofautiana sana ujue moja imebadilishwa koili na haziko sawa tena.

Twita usiikague kwa macho peke yake. Weka wimbo wenye upatu au kayamba, sogeza sikio karibu na twita ya kulia, kisha ya kushoto. Nyingi za mtumba zinakuwa na twita iliyokufa upande mmoja na mwenye nazo hajui, kwa sababu wufa inaendelea kulia. Twita hufa hasa mtu akifungulia amplifaya ndogo mpaka mwisho. Sauti inaanza kukatika vichwa, inakuwa kali, na ule ukali unaishia kwenye twita. Ukisikia sauti imeanza kuchanika, rudisha nyuma, hata kama spika imeandikwa wati 200.

La mwisho ni volti. Amplifaya ya mtumba kutoka Japani ni ya volti 100, ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 yetu unaiua sekunde hiyohiyo. Inataka transfoma ya kushusha. Ya Marekani ni 120, hali ni ileile. Ya Uingereza inatumia volti zetu na hata plagi yetu ya pini tatu. Spika zisizo na amplifaya ndani hazina habari na volti za ukutani, kwa hiyo za Japani zichukue bila hofu.

Na tafadhali, yale matundu ya besi nyuma ya boksi yaangazie tochi. Nimetoa mijusi, mende na viota vya nyigu humo.

Bint Malindi

Assalaam aleikum. Mie niko Unguja, na nimefurahi kusoma habari ya sauti ya mtu, maana kwetu taarabu ndo mtihani wa spika. Nyumbani kwa baba palikuwa na spika za kizamani za mbao, na wimbo mmoja mlikuwa mnausikia kwa tabaka: fidla zikitangulia zote kwa pamoja, chini yake udi, halafu kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikipita katikati yao kama mvua ya rasharasha juu ya bati, na mwimbaji hajaingia bado.

Ukitaka kuijua spika, chukua taarabu asilia iliyorekodiwa vizuri, usiongeze besi wala nini. Sikiliza kanuni. Kila uzi unavyokwanguliwa lazima usikie mwanzo wake na mwisho wake. Spika mbaya huufanya mlio wote kuwa mchele uliomwagika, huwezi kutenga punje. Halafu zile fidla: zikikuchoma masikio nyimbo tatu tu hujataka tena, basi twita ina ukali wa kupandisha makusudi, ili dukani ionekane inang'aa. Usinunue. Dukani unasikiliza dakika mbili, nyumbani utaisikiliza miaka kumi.

Na mwimbaji akiingia, funga macho. Mdomo wake unausikia wapi? Kama uko katikati baina ya spika mbili, mahali ambapo hapana spika yoyote, hizo spika ni jozi ya haki.

Mwana wa Luthuli

Hamjambo wenzangu, naandika kutoka Nairobi. Nimefuatilia na ninakubali mengi, lakini mnaionea sabufa. Hapa Luthuli Avenue vijana wananunua sabufa kwa sababu muziki wanaousikiliza umetengenezwa na besi ya chini sana. Hizo spika za inchi 5 mnazosifu, nimesoma karatasi yake moja, inaishia hezi 55 hivi. Sasa kijana wa amapiano atasikia nini? Gitaa la besi lenyewe, uzi wake mnene unalia hezi 41. Hata dansi la wazee mnalilipunja.

Mzee wa Ridhimu

Ndugu yangu wa Nairobi, umesema kweli na hesabu yako iko sahihi. Naongeza kitu kimoja tu: uzi mnene wa gita la besi unapolia hezi 41, unatoa pia 82 na 123 na kuendelea, na sikio linaunganisha. Ndiyo maana spika ya inchi 5 haikunyimi wimbo wa besi, inakunyima uzito wake. Kwa msikilizaji wa dansi inatosha. Kwa wa amapiano haitoshi, nakubali.

Ninachopinga mimi ni mpangilio. Anza na jozi nzuri, ukipata laki nne au tano baadaye ongeza sabufa inayojitegemea, yenye amplifaya yake na kitufe cha kukata masafa. Iweke ikate kwenye hezi 80. Chini ya hapo sikio halitambui vizuri sauti inatoka upande gani, kwa hiyo boksi linaweza kukaa popote na mwimbaji asivutwe kwenda kona. Kisha ishushe mpaka usijue kama ipo, ila ukiizima uone kuna kitu kimeondoka. Ile seti ya dukani inakata kwenye 150 au 200, na hapo ndipo inapoharibu.

Mkazi wa Birmingham

Wakuu, nipo Uingereza miaka mingi, nichangie upande wa kutuma mzigo. Huku spika za mtumba ni rahisi ajabu. Watu wanahama nyumba, wanapunguza vitu, wake hawataki maboksi sebuleni. Wharfedale hasa zimejaa, kwa sababu ni kampuni ya hapahapa, aliianzisha Gilbert Briggs mwaka 1932 kule Yorkshire. Sasa ni mali ya kampuni ya IAG ya China, lakini jozi za zamani na mpya zote zinapatikana. Mission, KEF na Monitor Audio pia.

Tatizo ni uzito. Jozi ya spika za rafu inaweza kufika kilo 10 hadi 15, ndege itakula faida yote. Wekeni kwenye kontena la ndugu anayetuma gari au vyombo, funga kila moja kwa godoro jembamba, na twita ziwekewe kipande cha karatasi ngumu mbele. Pigeni pia hesabu ya forodha na VAT ya asilimia 18 kabla ya kufurahia bei ya huku. Mara nyingine ukijumlisha unakuta mpya ya Kariakoo yenye risiti na waranti ni nafuu.

Ukinunua Kariakoo, waranti iwe ya maandishi, na muuzaji akubali uzijaribu palepale kwa wimbo wako wa kwenye simu. Akikataa, maduka ni mengi.

Mjenzi

Mimi kazi yangu ni ujenzi na nimeona hakuna aliyegusa chumba. Mtu ananunua spika ya laki nane anaiweka kwenye sebule ya vigae, kuta za tofali zilizopigwa skimu, dari ya jipsamu, dirisha kubwa la alumini na kochi la ngozi. Piga kofi moja katikati ya sebule hiyo. Ule mlio wa "trrrr" unaofuata kofi ndio utakaokuwa juu ya kila neno la mwimbaji wenu. Spika haiwezi kuushinda.

Zulia zito kati ya spika na kochi ni dawa ya kwanza. Dawa ya pili ni pazia zito la dirisha, lile la kukunjamana, lifungwe wakati wa kusikiliza. Kabati la vitabu ukutani nyuma yenu linasaidia sana, vitabu vya ukubwa tofauti vinavunja sauti. Ukiwa na hivyo vitatu, umepandisha daraja la spika zako bila kuzigusa.

Besi ina tabia yake. Ukuta na ukuta vikiwa mita 4, sauti ya hezi 43 inasimama katikati yao: ukutani inavimba, katikati ya chumba inapotea. Sebule zetu nyingi ni mita 4 kwa 4, kwa hiyo uvimbe wa urefu na wa upana unaangukia masafa yaleyale na kujumlishana. Ndiyo maana mtu aliyekaa kwenye kochi lililogusa ukuta analalamika besi inavuma, na mkewe aliyesimama katikati ya chumba anasema haisikiki. Vuta kochi mbele hata futi moja na nusu. Spika nazo zitoe ukutani, hasa zenye tundu nyuma, na zisikae kona. Kona inaongeza besi kuliko mahali pengine popote ndani ya chumba, na ni besi isiyo na umbo.

Mzee wa Ridhimu

Mjenzi, ahsante sana. Hili watu walisome mara mbili. Mtu mwenye laki nane ningemwambia sita ziende kwenye spika na amplifaya, na mbili kwenye zulia na pazia, kabla ya kufikiria waya za bei kubwa au kitu kingine.

Mama Nasri

Wakuu Mungu awabariki. Tumeamua kwenda Jumamosi, mimi na baba Nasri, tunatafuta jozi isiyo na amplifaya, na tumeazima multimita. Nimebakiwa na maswali mawili. Zikae juu ya nini? Nina meza ya TV tu, fupi, ya futi moja na nusu hivi. Na waya ninunue wa aina gani, nimeambiwa kuna wa elfu themanini wa dhahabu.

Fundi Mawimbi

Dada, waya wa dhahabu waachie wenyewe. Nenda duka la umeme, chukua waya laini wa nyuzi nyingi, milimita 1.5 za mraba, wa shaba halisi. Kwa umbali wa mita tano haupotezi chochote utakachosikia. Ila mwambie akuchunie ncha uone: kwaruza nyuzi kwa kisu, zikiwa nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie. Kata vipande viwili vyenye urefu sawa.

Meza ya futi moja na nusu ni fupi. Ukikaa kwenye kochi, sikio lako liko kama sentimita 95 hadi 100 kutoka sakafuni, na twita inatakiwa iwe hapohapo. Nenda Keko, seremala akutengenezee stendi mbili za mbao, kimo cha sentimita 65 hivi kulingana na boksi lako, mguu uwe na uwazi ndani ujaze mchanga mkavu. Mchanga unaua mtetemo, na pia Nasri hataweza kuisukuma. Mwambie aweke kitako kipana. Umbali kati ya spika na spika uwe karibu sawa na umbali wa kila spika hadi kwenye kochi, na uzigeuze kidogo zikutazame.

Kabla ya kuwasha, waya wenye mstari uende kwenye tundu jekundu nyuma ya amplifaya na jekundu nyuma ya spika, pande zote mbili. Ukipotea upande mmoja, koni moja itakuwa inatoka wakati nyingine inaingia, besi inafutika, na sauti ya mwimbaji inatapakaa chumba kizima bila mahali pa kukaa. Watu wengi wanaishi hivyo miaka wakidhani spika ni mbovu. Ukiwa na shaka, tenga spika na amplifaya, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye tundu jekundu na hasi kwenye jeusi kwa nukta moja tu. Koni ya wufa iruke kuja mbele. Fanya hivyo kwa zote mbili. Kisha funga, weka wimbo wa mtu mmoja anayeimba, kaa katikati ya kochi. Kama hasikiki katikati, geuza waya wa spika moja tu, popote pale utakapoanzia, usikilize tena.